Diwani huku, mtia nia kule: maswali ninayoulizwa kila mara

Maswali haya naulizwa karibu kila wiki na watu tofauti, wengine wana hasira, wengine wanataka tu kuelewa, na wapo pia ambao wao wenyewe ni madiwani na roho inawauma kwa sababu wanaitwa kwao wakagombee. Nimeyaweka hapa yote pamoja. Mengine jibu lake fupi, mengine nimejimwaga kidogo mnisamehe.

Hivi tunaongelea nini hasa? Maana watu wanachanganya mambo.

Tunaongelea mtu aliyechaguliwa na wananchi wa sehemu fulani, awe diwani, meya au mbunge, kiti chake bado kina muda, afu katikati ya muhula anaanza kujijenga kisiasa nchi nyingine kabisa, anatafuta tiketi ya chama cha huko, anapiga picha na viongozi wa huko, anaenda kusalimia jimbo la huko huku posho ya huku inaingia kama kawaida. Huyo ndo nauliza yuko upande gani siku ya Jumanne saa moja jioni wakati kikao cha baraza kinaanza.

Siongelei mtu mwenye paspoti mbili tu kwa sababu alizaliwa mahali. Boris Johnson alikuwa Meya wa London kuanzia 2008 mpaka 2016, na muda wote huo alikuwa pia raia wa Marekani kwa sababu alizaliwa New York mwaka 1964. Hakuna aliyeamini anautaka useneta wa Marekani. Uraia ni karatasi, nia ni kitu kingine, na watu wakishachanganya hivo viwili mjadala wote unaharibika hapohapo.

Mifano ya kweli ipo au ni maneno tu?

Ipo, na mkubwa wao kwangu ni Manuel Valls. Huyu alikuwa waziri mkuu wa Ufaransa 2014 mpaka 2016, alizaliwa Barcelona, Hispania, mwaka 1962 akakulia Ufaransa akawa raia wa huko. Mwaka 2017 alichaguliwa tena kuwa mbunge wa jimbo la Essonne, kusini mwa Paris, kwa kura chache sana za ushindi. Haujapita mwaka jina lake likaanza kutajwa hadharani kwamba anaweza kugombea umeya wa Barcelona, chama cha Ciudadanos cha Hispania kinamtaka, na yeye hakatai wala hakubali, anasema anafikiria. Miezi ikaenda hivo. Septemba 2018 ndo akatangaza rasmi, na Oktoba akaachia ubunge.

Mei 2019 uchaguzi ukafanyika, orodha yake ikashika nafasi ya nne, akaingia kwenye baraza la jiji kama diwani wa kawaida. Agosti 2021 akaondoka kabla muhula haujaisha, akarudi siasa za Ufaransa. Juni 2022 akagombea ubunge wa Wafaransa wanaoishi nje, jimbo ambalo Hispania imo ndani yake, akatolewa raundi ya kwanza. Mwisho wa 2024 akateuliwa waziri Ufaransa.

Sasa hesabu mwenyewe. Watu wa Essonne walimpa miaka mitano, watu wa Barcelona wakampa miaka minne, na pande zote mbili hakuna aliyemaliza naye.

Lakini Valls alivunja sheria gani?

Hakuna. Mkataba wa Maastricht wa 1992 unamruhusu raia wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya anayeishi nchi nyingine mwanachama kupiga kura na kugombea kwenye serikali za mitaa za huko. Kila hatua aliyopiga ilikuwa halali, na kwa haki kabisa niseme pia kwamba akiwa diwani Barcelona alifanya jambo zito, mwaka 2019 kura zake na za wenzake wawili zilimrudisha Ada Colau kwenye umeya ili asipite mgombea wa wanaotaka Catalonia, eneo ilipo Barcelona, ijitenge na Hispania, na lile lilikuwa ni suala aliloliamini toka mwanzo.

Kinachonisumbua mimi ni ile miezi ya "nafikiria". Miezi ile mpiga kura wa Essonne ana mbunge kwenye karatasi, lakini mtu mwenyewe kichwa kishavuka mpaka. Sheria haina jina la kipindi hicho, na kwa maoni yangu uharibifu mwingi wa hii ishu yote umejificha hapo, kwa sababu aliyekwisha kutangaza unaweza kumwambia chagua, ila anayefikiria utamwambia nini?

Mtu mmoja anaweza kweli kuwa mtiifu kwa nchi mbili?

Kwa mapenzi, ndiyo, bila shida. Mtu anapenda kwa mama na anapenda kwa baba, na hakuna anayemdai achague. Tatizo linaanza pale ambapo pande mbili zinadai kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kwenye siasa kitu hicho kwa kawaida ni muda wako, kauli yako, au kura yako ndani ya kikao.

Kauli ni jambo ambalo watu hulisahau. Mtia nia wa kule anahitaji kukipendeza chama cha kule, sasa kikitokea chama kile kimefanya jambo baya, kimefunga waandishi au kimevuruga uchaguzi, na huku kata yake imejaa watu waliokimbia mambo hayohayo, yeye atasema nini? Akinyamaza amewaangusha wa huku, akisema amekata jina lake mwenyewe kule. Nimeona watu wazuri, wasemaji hodari, wakiwa mabubu mwaka mzima kwa sababu hiyo tu.

Kwa nini nchi zingine zinakataza uraia pacha kwa wawakilishi na zingine hazijali?

Kila nchi na historia yake, na matokeo yanashangaza. Marekani haimzuii mtu mwenye uraia wa pili kukaa bungeni. Ted Cruz aliingia seneti 2013 akiwa bado raia wa Canada kwa kuzaliwa Calgary, akaja kuukana 2014 baada ya magazeti kuliandika. Kenya ni kinyume chake, katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha kwa mwananchi wa kawaida lakini ibara ya 78 inamkatalia ofisa wa dola, na humo wamo wabunge na wawakilishi wa wodi kwenye mabunge ya kaunti.

Australia ndo waliopitia moto mkali. Kifungu cha 44 cha katiba yao kinasema mtu mwenye utii kwa nchi nyingine hawezi kukaa bungeni, na kilikuwepo miaka yote bila kelele kubwa mpaka 2017 pale mmoja baada ya mwingine walipoanza kugundua kwamba ni raia wa mahali pengine bila kujua. Barnaby Joyce, naibu waziri mkuu wa wakati huo, kumbe ni raia wa New Zealand kupitia baba yake. Mahakama Kuu ikamvua ubunge tarehe 27 Oktoba 2017, akaukana uraia ule, akarudi kwenye uchaguzi mdogo Desemba akashinda. Zaidi ya kumi waliondoka kwa namna hiyo, wengine kwa kujiuzulu wengine kwa hukumu. Mwaka huohuo, kabla purukushani hazijapamba moto, akaingia seneta Lucy Gichuhi, mzaliwa wa Kenya, na yeye akahojiwa uraia wake, na kilichomwokoa ni kwamba katiba ya zamani ya Kenya ilikuwa inakunyang'anya uraia ukishachukua wa nchi nyingine, na yeye alichukua wa Australia 2001. Yaani sheria ambayo wahamiaji wengi waliilalamikia kwa uchungu ndo iliyomlindia kiti.

Niangalieni hapo. Kati ya wote walioanguka Australia hakuna niliyemsikia alikuwa anautaka uongozi wa nchi ya pili. Sheria ilivua watu ambao hawakuwa na nia yoyote, na ingempita bila kumgusa mtu mwenye paspoti moja ambaye moyo wake wote uko kwenye jimbo la ng'ambo.

Basi wapigwe marufuku wote wenye uraia pacha, tumalize?

Hapana, na kuna kesi inayoonyesha kwa nini. Mwaka 2008 Moldova ilipitisha sheria ya kuwazuia wenye uraia wa pili kukaa bungeni. Moldova ni nchi ambayo watu wengi sana wana paspoti ya Romania au ya Urusi, na wanasiasa walioguswa na sheria ile wengi walikuwa upande wa upinzani. Mwanasiasa mmoja wa huko, Alexandru Tănase, akaenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na Aprili 2010 Baraza Kuu la mahakama hiyo likaamua kwamba sheria ile imevunja haki ya uchaguzi huru. Mahakama ilitazama na wakati wenyewe: sheria imekuja muda mfupi kabla ya uchaguzi, na inawaumiza wapinzani.

Ndo ninachoogopa mimi. Ukifungua mlango wa kupima uzalendo wa watu, anayeshika kipimo ni yule aliyeko madarakani.

Mchakato wa kuukana uraia unachukua muda gani? Nimeambiwa ni fomu tu.

Usimwamini aliyekwambia hivo. Ghana katiba yao inamzuia mtu mwenye utii kwa nchi nyingine kuwa mbunge. James Gyakye Quayson aliomba kuukana uraia wa Canada mwishoni mwa 2019, cheti kikatoka Novemba 2020, lakini fomu za kugombea alikuwa ameshazirudisha Oktoba. Wiki chache tu hizo. Alishinda jimbo la Assin North Desemba, Julai 2021 mahakama ikafuta uchaguzi wake, Mei 2023 Mahakama ya Juu ikamalizia, na Juni mwaka huohuo wananchi wakamrudisha kwa kura kwenye uchaguzi mdogo. Zaidi ya miaka miwili ya kesi kwa ajili ya wiki chache za karatasi. Mwenye nia aanze mapema, na akianza asifiche.

Kwa madiwani sheria inasemaje? Mbona habari zote ni za wabunge?

Swali zuri, kwa sababu sheria nyingi zinamlenga mbunge na rais, diwani anapita katikati ya vidole. Uingereza kwa mfano, raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola mwenye haki ya kuishi kule bila ukomo wa muda anaweza kuwa diwani, hata kama si Mwingereza. Na sheria ya serikali za mitaa ya 1972 inasema diwani anapoteza kiti akikaa miezi sita mfululizo bila kuhudhuria kikao chochote na bila ruhusa ya baraza. Isome tena pole pole. Miezi sita. Maana yake akikanyaga kikao kimoja baada ya miezi mitano, saa inaanza upya, na kisheria yuko safi kabisa hata kama muda uliobaki wote alikuwa kwenye kampeni bara lingine.

Ishu hii ililipuka mashariki mwa London, Tower Hamlets, mwaka 2025, ilipoibuka kwamba kuna watu wa baraza lile wanautaka ubunge wa Bangladesh. Ukitazama mazingira unaelewa ilikotoka: sensa ya 2021 zaidi ya theluthi ya wakazi wa pale wana asili ya Bangladesh, vyama vya kule vina matawi hai kabisa London, na Tarique Rahman wa BNP, moja ya vyama hivyo vya Bangladesh, alihamia London toka 2008 na kukiongoza chama akiwa huko. Kwa hiyo siasa za Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, zilikuwa zinafanyika mtaa wa pili. Diwani hakuhitaji kupanda ndege ili awe mtia nia, alihitaji tu kuvuka barabara.

Upande wa pili katiba ya Bangladesh, ibara ya 66, inamkatalia ubunge mtu aliyechukua uraia wa nchi nyingine mpaka auachie kwanza. Kwa hiyo anayetaka kwenda lazima afike mahali achague. Ila upande wa udiwani hakuna kinachomlazimisha kuachia kiti siku anayoanza kutafuta.

Ufaransa wao waliweka mpaka wa aina nyingine: raia wa Umoja wa Ulaya asiye Mfaransa anaweza kuwa diwani lakini hawezi kuwa meya wala naibu meya. Uingereza ilipojitoa kwenye Umoja wa Ulaya Januari 2020, mamia ya madiwani Waingereza waliokuwa wakihudumia vijiji na miji ya Ufaransa wakakosa haki ya kugombea tena uchaguzi wa Machi. Watu waliokuwa wamejitolea kwa moyo mmoja wakatoka, kwa jambo ambalo halikuhusu utii wao hata kidogo.

Kwani anayeumia ni nani? Diwani kazi zake si chache tu?

Hapa nikaze kidogo.

Mfikirie mama mwenye mtoto wa pumu, ukuta wa chumba umeota kuvu mweusi toka kwenye dari mpaka usawa wa kitanda, mwenye nyumba ni halmashauri. Ameandika barua mbili hazikujibiwa. Siku ya diwani kuonana na wananchi anaenda, amebeba picha kwenye simu, anakuta karatasi imebandikwa mlangoni kwamba leo hakuna. Anarudi wiki nyingine, hakuna. Mara ya tatu anakutana na diwani wa kata jirani ambaye anamsikiliza vizuri sana lakini na yeye ana foleni yake na hana faili la mama huyu, kwa hiyo stori inaanza moja. Jioni hiyohiyo mtoto wa dada yake anamwonyesha klipu, diwani wake yuko laivu ng'ambo, shingoni maua, anaahidi barabara.

Yule mama hajui chochote kuhusu kifungu cha 44 wala Maastricht. Anachojua ni kwamba alipanga foleni kumpigia kura mtu, na mtu yule anaahidi barabara kwa watu wengine.

Afu kuna lile lisiloonekana. Kamati ya mipango miji inapiga kura kuhusu ghorofa, wajumbe wawili hawapo, ombi linapita kwa kura moja. Hakuna atakayekuja kusema lingekataliwa kama angekuwepo. Kutokuwepo kwa diwani hakuachi alama, na ndo maana ni rahisi kusema kazi zake ni chache.

Si anaweza kufanya kazi kwa simu na vidio akiwa huko?

Baadhi, ndiyo. Barua pepe atajibu, ofisa wa halmashauri atampigia. Lakini kupiga kura kwenye kikao kunategemea nchi. England waliruhusu vikao vya vidio wakati wa korona na ruhusa ile ikaisha Mei 2021, baada ya hapo ikabidi uwepo ukumbini. Na hata pale panaporuhusiwa, kumbuka kampeni ni kazi ya kutwa na usiku, si likizo ambayo unapata saa moja ya utulivu ufukweni.

Mbona hii inanukia ubaguzi? Mzungu akihama nchi mnamwita mwanasiasa wa kimataifa, mwenye asili ya Asia au Afrika mnamwita msaliti.

Hili swali nalichukulia kwa uzito wote, kwa sababu ni kweli kuna watu wanaotumia ishu hii kama fimbo. Diwani anaenda kumzika mama yake nyumbani kwao wiki tatu, mtu anaanza kusema "huyu moyo wake hauko hapa". Anachangia maafa ya kwao, anaambiwa ana utii mara mbili. Anazungumza lugha yake kwenye mkutano wa wazee wa kata yake ambao ndo lugha wanayoielewa, anaambiwa anafanya siasa za kule. Hiyo ni dhuluma na niseme wazi kabisa kwamba mtu anayefanya hivo siko naye.

Ndo maana mfano wangu wa kwanza ulikuwa Valls, waziri mkuu wa zamani wa Ufaransa, na wa Alberto Fujimori ninao pia: rais wa Peru kwa miaka kumi, 1990 mpaka 2000, halafu mwaka 2007 akiwa kizuizini Chile anasubiri kama atarudishwa Peru kujibu mashtaka, akagombea useneta Japan. Akashindwa. Kipimo kiwe kimoja kwa wote: je, mtu huyu ameomba kazi ya pili ya uwakilishi mahali pengine kabla hajamaliza au kuachia ya kwanza? Kama jibu ni ndiyo, asili yake hainihusu. Kama jibu ni hapana, asili yake pia hainihusu.

Na kuna upande ambao hausemwi. Wanaoumia zaidi diwani wa namna hii akipotea mara nyingi ni watu wa jamii yake mwenyewe, kwa sababu ndo waliomchagua wakiamini hatimaye tumepata mtu anayeelewa barua zetu na majina yetu. Kumtetea diwani kwa sababu ni wetu, huku mama wa kwenye foleni naye ni wetu, hapo tumemtetea nani?

Pesa za kampeni je?

Hapa pana hatari kuliko watu wanavyodhani. Nchi nyingi zinakataza pesa ya kigeni kwenye uchaguzi, Marekani wanakataza, Uingereza kwa sheria ya 2000 chama kinapokea tu kutoka kwa wanaoruhusiwa, mfano mtu aliyeko kwenye daftari la wapiga kura. Sheria hizo zinaangalia pesa inayoingia. Diwani anayechangisha huku ili akagombee kule ni pesa inayotoka, na wanaochangia wakati mwingine ni wafanyabiashara wa hapahapa wenye maombi ya vibali kwenye halmashauri yake. Aliyetoa mchango mkubwa kwenye kampeni ya ng'ambo leo, mwezi ujao ombi lake la leseni liko mezani kwa diwani. Hata kama hakuna aliyehongwa, mgongano wa maslahi upo na ulipaswa kuandikwa kwenye daftari la maslahi la baraza. Ukitaka kujua diwani ni mkweli kiasi gani, usianze na hotuba, anza na daftari hilo.

Wanasema mshika mbili moja humponyoka. Mbona Cohn-Bendit alishika mbili na hazikuponyoka?

Daniel Cohn-Bendit alizaliwa Ufaransa mwaka 1945, wazazi Wajerumani. Mwaka 1989 alikuwa kwenye uongozi wa jiji la Frankfurt, akishughulika na masuala ya jamii za asili mbalimbali. Bunge la Ulaya aliingia 1994 kwa Ujerumani, 1999 kwa Ufaransa, 2004 kwa Ujerumani, 2009 kwa Ufaransa. Angalia mpangilio: alikuwa anabadilisha uwanja uchaguzi kwa uchaguzi, kila mara anaomba upya, na bunge lenyewe ni lilelile moja. Hakukuwa na siku ambayo Mjerumani alimtafuta akaambiwa yuko kwenye kampeni ya kiti cha Wafaransa katika bunge jingine. Kwa hiyo hakushika mbili, alishika moja mara nne.

Kuna aliyefanya vizuri?

Wapo, na inanifurahisha kuwataja.

Mohammad Sarwar alikuwa mbunge wa Glasgow toka 1997, Mwislamu wa kwanza kuingia bunge la Uingereza kwa kuchaguliwa. Mwaka 2010 hakugombea tena, akamaliza muhula wake. Mwaka 2013 akaukana uraia wa Uingereza, akawa gavana wa Punjab, Pakistan. Unaweza kumpenda au kumchukia kisiasa, ila hakuna mpiga kura wa Glasgow aliyeachwa mlangoni.

Renata Bueno alikuwa diwani wa Curitiba, Brazil, muhula wa 2009 mpaka 2012. Mwaka 2013 akachaguliwa kwenye bunge la Italia, kwa viti ambavyo Italia imewatengea raia wake wanaoishi nje. Kiti kimoja kikaisha, kingine kikaanza. Na kile cha pili kiliundwa makusudi kwa watu kama yeye, wapiga kura wake walikuwa Waitalia wa Amerika ya Kusini.

Martin McGuinness ni mfano wa katikati. Mwaka 2011 akiwa naibu waziri kiongozi wa Ireland ya Kaskazini aligombea urais wa Jamhuri ya Ireland, uchaguzi ambao yeye mwenyewe hakuweza kupiga kura kwa kuwa anaishi upande wa kaskazini. Alikaa pembeni na wadhifa, mwenzake wa chama John O'Dowd akakaimu, akapata kama asilimia 13.7 na nafasi ya tatu, akarudi kazini. Wapo waliosema alipaswa kujiuzulu kabisa. Mimi naona alifanya jambo ambalo wengi hawafanyi: aliweka mtu mwenye jina na ofisi, wananchi wakajua nani wa kumpigia simu wiki zile zote.

Sasa mtu atangaze nia lini?

Siku anapochukua hatua ya kwanza inayogharimu. Kuwaza si kosa, hata kuongea na mkeo au mumeo chumbani si kosa. Lakini ukishachukua fomu ya chama cha kule, ukishachangisha, ukishapanda ndege kwenda "kusalimia jimbo", umeshaanza. Siku hiyo waambie waliokuchagua, kwa maandishi, ukiwa na tarehe. Andrew Scheer, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Conservative Canada, hakuwa hata na nia ya kugombea Marekani, alikuwa na uraia wa Marekani tu, lakini habari ikatoka wiki chache kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2019 na jibu lake likawa kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Kilichomuumiza ni kutosema, hasa kwa kuwa yeye alishawahi kuhoji uraia pacha wa mtu mwingine.

Na kiti akiachie lini? Mimi msimamo wangu: tiketi ikishapatikana, kiti kiachiwe. Kabla ya tiketi, kwenye mchujo, akae pembeni bila posho na amtaje anayemshikia kata. Kuna rafiki yangu anasema hiyo ni kali mno, mtu hawezi kuachia mkate wa uhakika kwa ajili ya kura za mchujo. Namwelewa. Ila mkate ule ni wa kata.

Uchaguzi mdogo si gharama kwa wananchi?

Ni gharama, ndiyo. Ndo maana bora amalize muhula, kama Sarwar.

Akishindwa kule akarudi kuomba kiti cha huku, nimpe?

Hilo ni lako. Mimi ningemuuliza maswali matatu ana kwa ana, mbele ya watu wengine. La kwanza, ile miezi uliyokuwa huko nani alikuwa anashughulikia mafaili ya kata, nitajie jina. La pili, posho ya miezi ile ilienda wapi. La tatu, chama cha kule kikikuita tena baada ya miaka miwili utafanya nini. Usimkatishe akijibu. Kwenye la tatu wengi wanaanza kuongelea mapenzi yao kwa pande zote mbili, na mimi hapo huwa narudia swali lilelile, kwa upole, mara ya pili na ya tatu, mpaka aseme ndiyo au hapana.